Upande wa Kulia wa Gari la Mama Hilda

Juzi mmoja wenu, simtaji kwa kuwa nyanyake ni jirani yangu hapa Msambweni, alinijia na kipande cha bati chenye skrubu iliyokatika kichwa. "Babu Haji, hii naitoaje?" Nikamwuliza, "Kabla ya kuifungua, uliigonga?" Akacheka. Alidhani babu anatania. Mimi sitanii na skrubu, wanangu. Nimezifunga na kuzifungua tangu ndevu zangu nyeusi, na hakuna kinachonikera kama kijana anayeivamia skrubu ya kutu kwa pupa, akaizungusha kwa nguvu zake zote, kichwa kikabaki mkononi mwake na mwili ukabaki ndani ya chuma.

Sikilizeni basi. Skrubu iliyoshikwa na kutu unaitia mafuta ya taa, unaiacha, unakwenda kunywa chai. Ukirudi unaweka bisibisi kichwani mwake, unaigonga hiyo bisibisi kwa nyundo, pigo moja la haki, ili kutu ya ndani ishtuke. Kisha unaikaza. Ndiyo, unaikaza, msinitolee macho! Unaikaza kidogo tu, na ikisogea hata unywele mmoja, hapo ndipo unairudisha. Itatoka nzima.

Hayo nilifundishwa na Fundi Mbwana, Mungu amrehemu. Astaghafirullahi, naanza kwa uongo. Fundi Mbwana alimfundisha Nyale, mwenzangu wa gerejini. Mimi nilikuwa nimesimama kando nikijifanya natafuta spana, masikio yamenisimama, roho inaniwaka moto. Miaka mingi nimefundisha watu wa pwani hii mambo ya Nyale kana kwamba ni yangu. Leo nataka kuyasema kwa mdomo wangu, kabla sijazikwa na watu wakasimama hapo kunisifu kwa yasiyo yangu.

Gereji yetu ilikuwa Ukunda, kwenye njia panda ya kushukia Diani, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, hoteli za ufukweni zikihesabika kwa vidole. Paa la makuti, chini mchanga uliolowa oili. Mwenye gereji ndiye Fundi Mbwana, Mdigo wa pale pale, mtu mfupi, mpole, mwenye kikohozi. Chini yake tulikuwa wawili. Mimi, mzaliwa wa Mkwiro, kule kisiwani Wasini, ukoo wa waunda mashua. Na Nyale, Mduruma wa upande wa Kinango, ambaye kabla ya kushuka Ukunda alikuwa akichunga mbuzi wa babake.

Siku ya kwanza sikumwonea wivu. Siku ya kwanza nilimcheka. Alikuja na viatu vya ngozi alivyojishonea mwenyewe, akamsalimu Fundi kwa kuinama mpaka chini, kisha akaitazama injini iliyokuwa wazi pale kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa, anaizunguka, anainama. Nikajisemea, huyu atarudi kwao kabla ya Ijumaa.

Hakurudi. Ikafika mwezi, Fundi akaanza kumwita "mwanangu." Mimi nilikuwa nimekaa pale miaka miwili na bado nikiitwa "wewe wa Mkwiro." Wewe wa Mkwiro, leta jeki. Wewe wa Mkwiro, fagia hapa. Na Bi Mwanasha, mkewe Fundi, aliyekuwa akituletea chakula cha mchana, siku moja akaja na wali na samaki changu wa kupaka. Nikakaa sawasawa nikingoja kichwa. Kichwa cha samaki, nyinyi wenyewe mnajua, ndicho samaki mwenyewe. Mama yule akakitia kwenye sahani ya Nyale! Nyale akakitazama kile kichwa, kichwa kikamtazama, wala hajui aanzie wapi. Akadokoa mashavu, macho akayaacha. Mimi mwana wa wavuvi nimepewa mkia, nimekaa namtazama Mduruma akiyaacha macho ya changu sahanini. Siku ile sikushiba, na si kwa sababu ya uchache wa wali.

Lakini hayo ni ya tumbo. La mikono ndilo lililoniuma zaidi.

Fundi Mbwana alikuwa na kasha la tepu. Tepu, kwa wale wasiozijua, ni vile vijiti vya chuma kigumu vinavyochonga meno ndani ya tundu ili skrubu ipate pa kushika. Zilikuwa zimefungwa ndani ya kipande cha kikoi kikuukuu, kila moja na ukubwa wake, na kasha lenyewe limefungwa kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli, pamoja na ule wa gereji, ulikuwa kiunoni mwa Fundi. Tepu ni ngumu, lakini ni nyepesi kuvunjika kuliko gilasi. Ukiisukuma kwa hasira, tak! Imebaki ndani ya tundu na hakuna wa kuitoa. Mimi nilivunja tatu. Nyale hakuvunja hata moja.

Alikuwa akifumba macho. Wallahi, anafumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Anaweka tone la mafuta, anazungusha nusu kwenda mbele, robo kurudi nyuma, ili kile kinyuzi cha chuma kinachochongwa kikatike na kisizibe. Nusu mbele, robo nyuma. Akisikia chuma kinalia anasimama, anaitoa tepu, anaifuta, anaanza tena. Nami nilijua kabisa hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana Fundi alitwambia sote siku moja. Ila mimi nikishika tepu nilikuwa nikitazama nani anitazama, ndiyo maana zilivunjika.

Mwaka ule macho ya Fundi yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho. Akawa anasogeza skrubu puani ndipo aone mfereji wake. Ikawa wazi kwamba kutahitajika mtu wa kushika funguo: afungue gereji asubuhi, alinde kasha la tepu, azungumze na wateja, aamue kazi. Hakusema, lakini sote wawili tulijua. Usiku na mchana nilikuwa nikiziona funguo zile zikining'inia kwenye kiuno cha Nyale.

Hapo ndipo alipokuja Mama Hilda na gari lake.

Lilikuwa gari-nyumba. Leo mnayaona yakipita na hamgeuki, lakini wakati ule watoto wa Ukunda walilifuata mpaka kwenye gereji wakipiga kelele. Ndani lina kitanda, jiko, kabati za vikombe, pazia madirishani. Yeye na mumewe walikuwa wamelitoa kwao Ulaya wakashuka nalo Afrika mwaka hadi mwaka. Mumewe akafariki Mombasa, naye hakutaka kuliuza. Akaliegesha Diani chini ya mivinje, hatua chache kutoka majini, akakaa humo. Chumvi ya bahari ikalila. Mwili wake ulikuwa wa bati la alumini, lile jepesi la sufuria, limefungwa kwa skrubu za chuma kwenye fremu ya chuma. Skrubu zilikuwa zimelika, meno yamekwisha, mabati yanacheza, na gari likitembea linalia kama duka la vyombo.

"Mimi nataka kwenda Nairobi na mbali tena," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Lakini hii inapiga kelele, na mvua inaingia kitandani."

Fundi Mbwana akalizunguka akipapasa. Akatuita.

"Skrubu zote zitoke, tundu zote zichongwe upya, ziwekwe skrubu nene kidogo. Haji, wewe shika upande wa kushoto. Nyale, upande wa kulia. Kila mtu atafanya kwa akili yake, simwelekezi mtu." Akakohoa, akagusa kiuno. "Nikiona kazi, nitajua nani wa kumpa hizi."

Basi. Amesema.

Kazi yenyewe nitawaambia ilivyokwenda, maana hapa pana la kujifunza. Kwanza chukueni karatasi gumu la sanduku, mchore ubavu wa gari kama ulivyo, na kila skrubu mnayoitoa mwichomeke mahali pake kwenye karatasi. Mtaona ipi ndefu ipi fupi, na mtaona kutu imekula wapi zaidi, na hapo ndipo maji yanapoingilia. Pili, msikaze kona moja mpaka mwisho wakati nyingine bado hazijaingia. Zianzeni zote kwa vidole, kisha mkaze kwa kupishana, hii ya juu, ile ya chini upande wa pili. Bati likikazwa upande mmoja linapinda, na likishapinda halisahau. Tatu, tundu ambalo meno yake yamekwisha, msidanganyike kuweka skrubu ile ile na gundi. Litoboe pana kidogo, ulichonge meno mapya.

Hayo yote tulifanya sawa, yeye kulia, mimi kushoto, hatuzungumzi. Tatizo likaja: tutafunga kwa skrubu gani? Nikajiambia, Haji, wewe ni mtu wa Mkwiro. Chuma kinaoza, wewe umezaliwa unajua hivyo. Kisichooza baharini ni nini? Shaba! Babu zangu wote walipiga misumari ya shaba kwenye mashua, na mashua zikaoza mbao msumari ukabaki unang'aa. Nikaomba ruhusa siku moja, nikavuka mpaka Mkwiro. Ami yangu alikuwa na mkebe umejaa skrubu na bolti ndogo za shaba, alizozitoa kwenye motaboti iliyovunjwa. Nikamwamkia, nikamweleza, akanipa mkebe mzima na kunipiga mgongoni. "Nenda ukawaonyeshe watu wa bara," akasema.

Niliporudi nikamkuta Nyale anapika. Ndiyo, anapika! Amewasha moto mdogo nyuma ya gereji, ana kopo la mafuta ya mbuzi, anayeyusha pamoja na nta ya nyuki. Kando yake ana ngozi ya mbuzi, anaikata vipande vyembamba. Alikuwa amechukua skrubu mpya za kawaida za chuma, anazichovya moja moja ndani ya yale mafuta, na vile vipande vya ngozi, navyo vimelowa, anavilaza kati ya bati na fremu. Nzi wote wa Ukunda walikuwa pale. Nikashika pua.

"Nyale, unatengeneza gari au unapika karamu?"

Hakukasirika. Akakitazama kile kimkebe changu.

"Hiyo ni shaba, Haji?"

"Macho unayo."

"Nyumbani sufuria ya mama ilitoka mshikio. Akapita fundi wa kuzunguka akaipiga ribiti za shaba, vile vimisumari vya kugongwa kichwa. Mwaka haukwisha, alumini ikaliwa pembeni ya ribiti, ikawa unga mweupe, sufuria ikatoboka. Ribiti zenyewe nzima, hazina neno. Mimi naona alumini haitaki kuguswa na madini mengine, hasa pakiwa na chumvi. Ndiyo maana natia ngozi na mafuta, visigusane."

Aliniambia, wanangu! Mtu yule niliyemchukia aliniambia, taratibu, kwa nia safi, na mbele ya kazi ambayo yeye mwenyewe alitaka kunishinda. Nami nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mambo ya sufuria yapeleke jikoni." Kisha nikaenda zangu nikazifunga skrubu zangu za shaba, moja baada ya nyingine, nikizisugua kwa kitambaa.

Siku ya kukabidhi, jua la asubuhi lilipiga upande wa kushoto. Safu za shaba ziling'aa zimepangika kama vifungo vya kanzu ya bwana harusi. Mama Hilda alishika mashavu. "Maridadi! Maridadi sana!" Upande wa kulia mafuta ya mbuzi yalikuwa yanachuruzika kwenye maungio, vichwa vya skrubu vyeusi, harufu ya bucha. Fundi Mbwana akasogeza uso karibu kabisa na shaba yangu, akaona ule mng'ao hata kwa macho yake yale.

"Shaba," akasema. "Hii haiozi. Wazee wetu waliizamisha baharini na haikuoza." Kisha akaenda kwa Nyale, akanusa. "Mwanangu, huyu mteja nimweleze nini kuhusu harufu hii?"

"Mwambie inashika, Fundi."

Fundi akacheka, akafungua kamba ya kiuno, akanipa funguo. Fundi alikuwa mtu wa pwani kama mimi, na kosa langu lilikuwa kosa lake. Nani angetufundisha sisi habari za shaba?

Mtadhani hapo niliridhika. Thubutu! Funguo zilikuwa kiunoni mwangu na bado nilikuwa nikimtazama Nyale. Fundi akimwita "mwanangu," nachemka. Bi Mwanasha akimwekea wali zaidi, nauhesabu kwa macho. Nikampangia kazi za kuziba pancha. Pancha asubuhi, pancha jioni. Mtu aliyechonga meno kwa macho yaliyofumbwa, mimi nikamkalisha kwenye karai la maji atafute mapovu. Alivumilia miezi mitatu. Siku moja akafunga kifurushi chake, akaja kuniaga kwa heshima zote, akarudi kwao. Fundi akaniuliza, "Nyale yuko wapi?" Nikamwambia, "Alikuwa na hamu na ng'ombe wake, Fundi."

Ikapita masika, ikapita na nyingine. Macho ya Fundi yakafunga kabisa. Alikuwa akija gerejini kwa fimbo, akikaa kwenye benchi kusikiliza kazi. Siku moja mchana nikasikia honi. Gari-nyumba likaingia, limejaa vumbi jekundu, likasimama ubavu wa kulia ukielekea benchi la Fundi. Mama Hilda akashuka, akatusalimu kwa haraka, akasema amechoka, anakwenda kuoga baharini, yule bwana atatueleza. Bwana yupi? Mlango ukafunguka upande wa pili, akashuka Nyale.

Mama yule alikuwa anarudi pwani, akaamua kupitia njia ya Kinango. Huko bati likafunguka, likawa linapigapiga barabarani. Watu wa sokoni wakamwitia fundi wanayemjua, na huyo fundi akawa Nyale. Nikazunguka kwenda upande wa kushoto, upande wangu. Nilitamani nisingeuona. Bati lilikuwa limefungwa kwa kamba ya ngozi lisianguke. Kila skrubu ya shaba ilikuwa pale pale, nzima, inang'aa, na kuizunguka alumini imeliwa ikaacha tundu la kupitisha kidole, na unga mweupe unamwagika kama dona kwenye gunia lililotoboka. Ni sufuria ya mamake Nyale, tena kubwa kama nyumba.

Nikasikia fimbo ya Fundi. Mzee alikuwa ameinuka, amefika kwenye ubavu wa kulia, anapapasa. Nikakimbilia huko. Vidole vyake vilipita juu ya vichwa vya skrubu, kimoja kimoja, akibonyeza bati kati yake. Lile bati halikucheza hata kidogo. Mafuta ya mbuzi yalikuwa yamekwisha kuoshwa na mvua kwa nje, hakuna harufu tena.

"Limetulia," akasema. Uso wake ulifunguka. "Safari yote ile, na hakuna hata moja iliyolegea. Haji, huu ndio upande wako, siyo?"

Nyale alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu.

"Ndiyo, Fundi," nikasema.

Lilitoka lenyewe. La, nisiwadanganye tena, halikutoka lenyewe. Nilipata muda wa kufikiri, mfupi lakini nilipata, na nilichofikiri ni funguo.

"Na hapo kuna nani?" akauliza Fundi.

"Ni mimi Nyale, Fundi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Ng'ombe wako hawajambo?"

Nyale akanitazama. Hapo ndipo alipojua nilimwambia nini mzee siku aliyoondoka. "Hawajambo, Fundi," akasema.

"Njoo hapa. Lete mkono." Akamshika Nyale mkono, akaulaza juu ya bati, juu ya kazi ya Nyale mwenyewe. "Sikia kazi ya mwenzio. Waonaje?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua anafungua mdomo na mimi nimekwisha. Zile funguo nilishazishika kabisa kuzifungua kiunoni.

"Limekaa, Fundi," akasema Nyale.

"Macho yangu yalikuwa mabovu, lakini siku ile yaliona. Basi usimwekee kinyongo mwenzio."

"Sina kinyongo."

Mzee akarudi kwenye benchi lake amefurahi, anakohoa na kucheka peke yake. Nyale akanishika kiwiko, akanipeleka upande wa kushoto. Nikadhani atanipiga, na ningefurahi kupigwa, ingekuwa rahisi.

"Fungua kasha, utoe tepu," akasema kwa sauti ya chini. "Utatoa shaba yako yote. Utatia kibati kipya kwa ndani, utatoboa matundu mapya kati ya yale ya zamani. Mafuta na ngozi nimekuja navyo, vimo ndani ya gari."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Mzee amefurahi. Ningemwambia ili iweje? Tena nisikie unaharakisha, nitakusimamisha."

Akakaa juu ya gurudumu bovu, akanitazama nikifanya kazi siku mbili nzima. Hakugusa hata skrubu moja. Nikienda nusu mbele nikasahau robo nyuma, anakohoa. Nikikaza kona kabla ya nyingine, anakohoa. Mimi, mshika funguo, nanuka mbuzi toka kichwani hadi nyayoni, nzi wamenitanda, na Mduruma ananikohoa kama mwalimu wa chuo. Na nilipomaliza alipapasa ubavu wote, akatikisa kichwa kukubali, akamuaga mzee, akaondoka kwa miguu kuelekea Kombani, njia ya kwao.

Fundi Mbwana alifariki mwaka uliofuata, akijua kwamba alimpa funguo aliyestahili. Mimi nikaishika gereji mpaka nilipozeeka. Ngozi na mafuta ya mbuzi yakawa ndiyo sifa yangu. Magari ya hoteli, mabasi, boti za watalii, popote palipo na alumini na chumvi, watu kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga walisema mpelekeeni Haji, ana dawa yake. Nami nikawa naitikia. Kila walipoisifu, nilimwonea wivu upya yule mwenye dawa. Mnaona ajabu hiyo? Sifa ninakula mimi, na bado namwonea wivu yeye. Kila nikisikia Mduruma ameingia Ukunda nilidhani ni Nyale amekuja kusema. Hakuja, na hakusema, na hilo nalo nikamwonea wivu. Mimi ningekuwa yeye, nisingeweza kunyamaza hata wiki.

Mwezi uliopita nilipanda Kwale, nikaendelea mpaka kwao upande wa Kinango. Nilitaka kumwambia kwamba nitawaeleza nyinyi vijana, nimwombe radhi kwanza. Nilimkuta uani, mzee mwenzangu, ana wajukuu wengi na mbuzi wengi zaidi. Tukasalimiana kwa furaha. Nikamweleza yote, toka shaba hadi pancha hadi mkono wake juu ya bati.

Nyale akakuna kidevu.

"Gari nalikumbuka," akasema. "Yule mama alikuwa na kofia kubwa. Fundi namkumbuka, maskini. Lakini hayo ya nani alisema nini, Haji, yamenitoka."

Yamemtoka! Nilikasirika wanangu, nilikasirika mpaka magoti. Miaka yote hiyo nimelala nalo, nimeamka nalo, nimesali nalo, na mwenzangu kalitupa njiani siku ile ile akiwa anakwenda Kombani. Hata kusahau amenishinda.

Kisha akaniuliza, kama mtu anayetaka tu kumaliza hadithi: "Kwani mimi nilifunga upande upi?"

Fundi Mbwana yuko kaburini. Mama Hilda alikwenda zake, na gari lile nadhani limekwisha kuwa masufuria. Pale uani hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Na jibu la siku ile, msinidhanie vizuri, lilikuja tena mpaka kwenye ncha ya ulimi.

"Wa kulia, Nyale," nikamwambia. "Wa kushoto ulikuwa wangu."

"Aa. Na huo wangu ulikaa?"

"Ulikaa."